Mzee ana mashine ya kushtua moyo, juzi imempiga shoti mbili, tuizime au tufanyeje?

BintiWaPangani:
Habari za humu wadau, wakubwa shkamooni. Naombeni mawazo maana nyumbani hatulali. Mzee wangu ana miaka 64, alikuwa dereva wa lori, 2019 alipata mshtuko wa moyo na sisi tukadhani vidonda vya tumbo, akanywa dawa za gesi siku mbili nzima ndo tukampeleka hospitali. Toka hapo moyo ukatanuka, kipimo cha eko kinasema EF 25, yaani moyo ukijikamua unatoa asilimia 25 tu ya damu iliyomo, miguu inavimba, akilala lazima mito mitatu. 2021 akazimia sokoni, ukoo tukachangishana akaenda Chennai kule India akawekewa ICD, ile mashine ndogo chini ya mtulinga wa kushoto. Miaka yote imekaa kimya mpaka tukaisahau.

Sasa wiki iliyopita katoka msikitini baada ya Isha, kakaa barazani anavua viatu, ikampiga. Alipiga ukelele jirani wakatoka. Hatujakaa sawa kama dakika nane hivi ikampiga tena. Anasema ni kama teke la punda kifuani ila linatokea ndani. Tukakodi bajaji mbio hospitali, wakampima ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, wakasema iko sawa, wakampa amiodaroni 200 ya kutuliza mapigo, kutwa mara tatu, wakasema mashine yenyewe hawana kifaa cha kuisomea. Basi tukarudi nayo nyumbani kama tulivyokwenda.

Maswali yangu: mashine imeharibika au? Hii amiodaroni mbona mwenye duka la dawa kanambia inaharibu mapafu? Na mzee mwenyewe anasema bora izimwe, afe kwa amani kuliko kusubiri lile teke. Bi mkubwa naye kahamia chumba cha wageni, anaogopa akimgusa na yeye atapigwa. Naombeni majibu ya kweli sio matani.

KijanaWaMtaa:
Mzee ana umeme wake mwenyewe hahitaji luku 😂

BintiWaPangani:
Nimesema sio matani kaka.

TibaZaBabu:
Dada hiyo mashine itoeni, mwili wa binadamu haukuumbwa kukaa na betri. Mwachishe dawa zote za kizungu siku 40, mpe kitunguu saumu na mdalasini asubuhi na jioni, moyo utarudi wenyewe. Nina mzigo, njoo inbox.

MuuguziWaZamu:
@TibaZaBabu hapo kwenye kuacha dawa zote unaua mtu, na nasema hivyo bila kung'ata maneno. Mgonjwa mwenye EF 25 akiacha dawa ghafla, hasa zile za kupunguza kasi ya moyo kama bisoprololi au kavediloli, mapigo yanaamka yote kwa pamoja. Kitunguu saumu ale kwenye pilau.

Dada pole sana. Nipo wodi ya moyo Dar, sisemi hospitali gani, zamu ikiisha nakuja kuandika vizuri. Kwa sasa shika hili: ikimpiga mara moja na anajisikia vizuri, pigieni daktari wake siku hiyohiyo. Ikipiga mara mbili au zaidi karibu karibu, au imepiga mara moja na anakosa pumzi, kifua kinauma, au kazimia, hapo ni dharura, hospitali usiku huohuo kama mlivyofanya. Mara tatu ndani ya saa 24 sisi tunaita dhoruba ya umeme na huyo analazwa tu hakuna mjadala. Na mama arudi chumbani kwake, hatapigwa.

Mombasani63:
Assalam aleikum binti. Mie ninayo yangu tokea 2017, ishanipiga mara tatu, kwa hivyo nakwambia nililoliona si nililosomewa. Ya kwanza ilinipata niko ferini Likoni katikati ya watu, wakadhani nina kifafa, mmoja akataka kunivulisha kiatu aninusishe. Ya pili niko bafuni. Wallahi baada ya ile ya bafuni mie nilikaa siku sijui ngapi naoga kwa kitambaa, mlango wazi, mke wangu kasimama nje na ndoo. Ndio ilivyo, moyo unaingia woga mahali ulipopigwa, na mzee wako sasa atakuwa anaogopa baraza na kuvua viatu. Usimcheke wala usimwambie "mbona umepona". Mkalishe tu hapo barazani kidogo kidogo, wewe ukiwa kando yake, mpaka pamzoee.

Hilo la bi mkubwa, mwambie hivi: ile ya tatu ilinipiga tumelala, mkono wa mke wangu u juu ya kifua changu. Alihisi kama sisimizi wamempitia vidoleni, basi. Wala hakuumia. Sasa ndiye anayenishika zaidi.

Pana kadi mlipewa India, kama ile ya benki, ina jina la kampuni na namba ya mashine. Iko wapi? Hiyo aitembee nayo mfukoni siku zote. Mie yangu nimeipiga picha nimewatumia wanangu wote, hata aliyeko Muscat.

BintiWaPangani:
Ahsante sana baba, nimemsomea mama hiyo ya sisimizi akacheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Kadi tunaitafuta, mzee anasema iko kwenye bahasha ya pasipoti na bahasha haijulikani iko wapi.

MuuguziWaZamu:
Nimerudi, samahani itakuwa ndefu.

Kwanza tuelewane kwa nini moyo dhaifu unakorofisha mapigo. Mzee alipopata ule mshtuko wa 2019 sehemu ya nyama ya moyo ilikufa, ikabaki kovu. Umeme wa moyo unapita kwenye nyama hai, ukifika penye kovu unakwama au unazunguka. Sasa kovu halijafa lote sawasawa, ndani yake kuna vijinjia vya nyama nzima vilivyobaki, umeme unapenya humo polepole, unatokea upande wa pili unakuta nyama imeshapumzika, unaiwasha tena, unarudi kuzunguka. Ikishaanza hiyo duara chemba za chini zinapiga mara 180, 200, 220 kwa dakika, damu haijai ndani wala haitoki, mtu anaanguka. Ndo kilichomwangusha sokoni kwa maoni yangu. Juu ya hapo moyo wenyewe umetanuka, mwili unamwaga homoni za kuusukuma, na dawa za kukojoza maji kama Lasix zinatoa potasiamu na magnesiamu kwenye mkojo. Yote hayo ni kuni kwenye moto uleule.

Lakini kuna mapigo mengine ya vurugu yanatokea chemba za JUU. Hayo yanatetemesha tu, ni ya kawaida sana kwa wenye moyo kutanuka, na hayaui papo hapo, ila yanaweza kufanya chemba za chini zikimbie hata 190. Na hapa ndo penye shida yenu. Mashine kwa kiasi kikubwa inahesabu KASI. Ina njia za kujaribu kutofautisha, inaangalia kama mapigo yamepangana au yamevurugika, kama yameanza ghafla au taratibu, ila inaweza kukosea. Ikiona kasi imevuka mpaka uliowekwa, mara nyingi kwanza inajaribu kwa upole, inatuma mapigo ya haraka haraka yasiyouma ili kuuvunja ule mzunguko, mgonjwa hata hajui. Ikishindikana ndo shoti.

Kwa hiyo kabla hatujasema imeharibika au haijaharibika, au dawa gani iongezwe, ISOMWE. Humo ndani imeandika kila kitu, saa na dakika, na mchoro wa mapigo kabla na baada. ECG ya saa moja baadaye itakuwa sawa ndiyo, kwa sababu tukio limeshapita, ni kama kupiga picha barabara baada ya ajali kuondolewa. Kila kampuni ina kifaa chake cha kusomea, cha Medtronic hakisomi ya Abbott, cha Boston Scientific hakisomi ya Biotronik, ndo maana ile kadi ni dhahabu. Mkishaijua kampuni, ulizeni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, muombe rufaa, msisubiri ipige tena.

La kuizima. Inawezekana, na wala haihitaji upasuaji, unazima upande wa shoti tu. Mgonjwa ana haki kabisa ya kuomba hivyo na mimi nimeshakaa na familia zilizochagua hivyo, kwa mgonjwa ambaye mwili umeshachoka na kila siku ni maumivu. Ila mzee wako anaongea wiki moja baada ya kupigwa, anaongea kwa hofu, na bado hatujui zile shoti zilikuwa za haki au za bure. Kama ni za bure kinachotakiwa ni kuirekebisha. Kuna utafiti mkubwa wa 2012 unaitwa MADIT-RIT, watu 1,500, walipandisha mpaka wa kasi au wakaipa mashine subira zaidi kabla ya kupiga, tiba za bure za mashine, shoti pamoja na yale mapigo yasiyouma, zikashuka sana, na waliopandishiwa mpaka hata vifo vilipungua. Mashine zilizopangwa zamani nyingi zina haraka. Muulizeni atakayeisoma.

Swali langu kwako, mzee anakunywa dawa gani na gani, na ANAZIKUNYWA KWELI?

BintiWaPangani:
Anakunywa bisoprololi 5, spironolaktoni 25, Lasix 40 asubuhi na mchana, ramiprili, aspirini, na ya mafuta simvastatini 40. Sasa na hiyo amiodaroni. Anazikunywa, mimi ndo nanunua.

MfamasiaWaKilosa:
Kununua sio kumeza dada, tunaona kila siku dukani 😅 mhesabu vidonge vilivyobaki.

Niongee kuhusu amiodaroni maana naona inaogopwa au inapendwa kupita kiasi. Ni dawa yenye nguvu ya kutuliza mapigo na ni moja ya chache tunazothubutu kumpa mtu mwenye moyo dhaifu, nyingine nyingi za kundi hilo zinawaumiza. Lakini haichukui nafasi ya mashine. Kwenye utafiti wa SCD-HeFT uliotoka 2005, wagonjwa 2,521 wa moyo dhaifu, mashine ilipunguza vifo kwa asilimia 23 na amiodaroni ikawa sawasawa na kidonge kisicho na dawa. Kazi yake kwa mzee ni kupunguza idadi ya shoti, na hiyo inaifanya vizuri ikiwa pamoja na bisoprololi. Kwa hiyo asije mtu akawaambia zimeni mashine kuna vidonge.

Tatu kwa siku ni dozi ya kuanzia. Kawaida wiki moja hivyo, wiki ya pili mbili kwa siku, halafu moja. Mliandikiwa lini ishuke? Kama hamkuambiwa rudini mkaulize, nimeshakutana na mgonjwa aliyekaa na tatu tatu miezi mitano kwa sababu karatasi haikusema, na yeye ni mtiifu. Kidonge kimoja cha 200 kina kama miligramu 75 za madini joto, ndo maana tezi ya shingo inaweza kuzidi kazi au kulala. Vipimo vya tezi na ini kabla ya kuendelea nayo, kisha kila miezi sita. Kikohozi kikavu kisichoisha au pumzi kuwa fupi zaidi msiseme ni moyo tu, inaweza kuwa mapafu yameguswa, mtajieni daktari jina la dawa. Jua la mchana avae kofia na mikono mirefu. Na ukiiacha leo inabaki mwilini wiki nyingi mpaka miezi, haitoki haraka.

Simvastatini 40 pamoja na amiodaroni HAPANA, isizidi 20 au abadilishiwe, misuli inaweza kuoza. Mwambieni daktari. Na kwa vile mko Tanga, malaria ipo, hili wengi wanalisahau: dawa mseto na kwinini zote zinagusa umeme wa moyo, ukichanganya na amiodaroni mapigo yanaweza kuvurugika kwa njia nyingine kabisa. Simaanishi asitibiwe malaria, malaria inaua. Namaanisha akipimwa ikaonekana ipo aseme "nina ICD na nakunywa amiodaroni" KABLA hajapewa chochote, na asijinunulie dawa mseto kwa sababu tu mwili umechoka. Diklofenaki ya mgongo nayo asiiguse, inabakisha maji mwilini.

Kitu kimoja tena ambacho fundi wa mashine lazima akijue: amiodaroni inapunguza kasi ya yale mapigo mabaya. Badala ya 210 yanakuja 170. Kama mashine imewekewa ianze kuangalia 180, itayaona inayaacha yapite. Kwa hiyo dawa ikiongezwa mashine nayo iangaliwe upya.

KijanaWaMtaa:
Aisee nimesoma yote, samahani dada kwa utani wa mwanzo. Baba yangu mdogo ana presha na anapima mwaka mara moja, kesho nampeleka.

BintiWaPangani:
Wadau nimehesabu vidonge. Bisoprololi zimebaki 34 kwenye boksi ambalo lilitakiwa kuwa limeisha. Nikamuuliza mzee akawa mkali, akasema nimekuwa polisi. Nikampigia baba mdogo, akasita sita halafu akanambia... naona hata aibu kuandika, mzee alimwambia toka aanze hicho kidonge mambo ya chumbani hayaendi, kwa hiyo akaamua kukiacha kimya kimya mwezi na kitu. Mama hajui. Mimi kama binti naanzia wapi jamani.

MfamasiaWaKilosa:
Huanzii wewe. Mwache baba mdogo aende naye kliniki, wewe kaa nje na mama. Daktari wa kiume akiulizwa hilo hashangai, ni la kila siku. Wakati mwingine sio hata kidonge, moyo dhaifu wenyewe na mishipa iliyoziba vinachangia, na kuna namna za kusaidia. Ila mwambieni baba mdogo amwonye kitu kimoja: asinunue vile vidonge vya bluu mtaani, akija kuandikiwa dawa ya kuweka chini ya ulimi kwa kifua, vikikutana presha inaporomoka mpaka chini. Na bisoprololi asianze tena na 5 kwa hasira zake, amwambie daktari amekaa mwezi bila, watampandisha pole pole.

MuuguziWaZamu:
Kuacha bisoprololi mwezi mmoja na Lasix mara mbili kwa siku. Nikibashiri naona potasiamu imeshuka. Nendeni.

Mswahili_Baltimore:
Nimeona uzi umekuwa mrefu, niongeze changu. Mimi nafanya kazi ya usafi hospitali huku Maryland sio daktari, ila mama mkwe wangu ana mashine hii kwa hiyo nimejifunza kwa lazima. Kwanza mjue mtu wa kwanza duniani kuwekewa ICD aliwekewa hapahapa Baltimore, Johns Hopkins, Februari 1980, na daktari mpasuaji aliyeiweka alikuwa mtu mweusi, Levi Watkins. Aliyeibuni, Michel Mirowski, alianza kuiwaza baada ya daktari aliyekuwa mkubwa wake kazini kufa kwa mapigo ya namna hii. Wenzake wengi walimwona kachanganyikiwa. Zamani ilikuwa dude kubwa linawekwa tumboni, leo inakaa chini ya ngozi ya kifua.

Mama mkwe yeye dawa zilishindwa, ilimpiga mara tano usiku mmoja, wakampeleka kuchomwa lile kovu. Wanapitisha waya kwenye mshipa wa paja mpaka ndani ya moyo, wanatafuta zile njia za umeme ambazo muuguzi amezieleza, wanazichoma zife. Ilichukua saa sita. Hajapona moyo, dawa bado anakunywa, lakini shoti zimekatika mwaka wa pili huu. Hata yale mapigo ya chemba za juu yanachomwa, kuna utafiti wa CASTLE-AF wa 2018, watu 363 wote wana moyo dhaifu na mashine kama ya mzee, waliochomwa walikufa au kulazwa kwa moyo asilimia 28.5, waliobaki na dawa 44.6. Ni ghali na sio kila mtu anafaa, ila ulizeni ijulikane kama njia hiyo ipo.

Mombasani63:
Na kuendesha gari? Naona hamjalisema. Mie daktari wangu alinitoa funguo miezi sita baada ya kila shoti. Niligombana naye, mimi fundi wa kuchomelea vyuma nina pikapu ya kazi. Kazi yenyewe nayo nishaiacha, hizi mashine za kuchomelea umeme wake mkubwa waweza kuichanganya ICD ikadhani moyo umekimbia. Sasa nauza mageti wanayochomelea vijana. Mkono hauna kazi ila mdomo unafanya.

MuuguziWaZamu:
Miezi sita ndio wanayotumia Uingereza pia baada ya shoti, na lori au basi kule ukishakuwa na ICD hurudi tena. Mzee wa lori itamuuma, najua.

BintiWaPangani:
Wadau MREJESHO. Tumetoka Dar juzi. Kadi ilipatikana ndani ya msahafu wa bibi, usiniulize ilifikaje.

Waliweka kitu kama kipanya cha kompyuta juu ya kifua, kompyuta ikaanza kutoa karatasi. Zile shoti mbili za barazani ZOTE zilikuwa za bure, ni chemba za juu zilivurugika kasi ikafika 196 na mashine India ilipangwa ipige kuanzia 182. Mzee aliposikia hivyo akasema "si niliwaambia ni mbovu, zimeni." Daktari akamwambia subiri mzee wangu, akafungua ukurasa mwingine. Mwezi wa nne usiku, saa tisa na dakika kumi na mbili, mapigo ya chemba za chini, 214 kwa dakika, ya kufa kabisa. Mashine ikatuma yale mapigo yasiyouma, yakakatika ndani ya sekunde chache. Na sio mara moja, yako manne ya hivyo ndani ya miezi miwili. Mzee alikuwa amelala. Mama alikuwa amelala pembeni yake. Sisi wote tulikuwa tumelala.

Mzee akanyamaza. Akaomba ile karatasi aishike, akawa anaitazama ile michoro muda mrefu sana, halafu akauliza hii tarehe si ndo nilimuota marehemu mama? Hakuna aliyemjibu.

Basi potasiamu ilikuwa 3.1, muuguzi ulibashiri sawa. Lasix imepunguzwa ibaki asubuhi tu kwa vile miguu imekauka, bisoprololi imerudishwa kuanzia 2.5, amiodaroni imeshushwa mpaka moja kwa siku na wamechukua damu ya tezi na ini, simvastatini imebadilishwa. Ameongezewa dawa ya kuzuia damu kuganda kwa sababu hayo mapigo ya chemba za juu yanaleta kiharusi, aspirini ikatolewa. Mashine sasa shoti ni kuanzia 200. Nikauliza lile la mfamasia la dawa kupunguza kasi, fundi akanitazama akasema umesoma wapi dada 😄 akaweka kwamba kati ya 170 na 200 ijaribu kwa mapigo yasiyouma tu, isipige, na ile ya kutofautisha chemba za juu na chini akaiwasha, ilikuwa imezimwa muda wote! La kuchoma wamesema wataliangalia akirudi baada ya miezi mitatu. Baba mdogo aliingia naye peke yake dakika kumi, walitoka wote wanatabasamu, sikuuliza.

Kuizima hajasema tena. Kasema tu siku akiwa hajiwezi ndo tuizime, tusiiache ikampiga akiwa anakata roho. Daktari akaliandika kwenye faili.

MuuguziWaZamu:
Hapo wamefanya kazi. Potasiamu irudiwe kupimwa baada ya wiki moja au mbili, anakunywa spironolaktoni na ramiprili kwa hiyo inaweza kuruka upande wa pili ikazidi, na ikizidi nayo inaua. Asitumie ile chumvi mbadala ya supamaketi, nyingi zimejaa potasiamu. Uzito kila asubuhi baada ya haja kabla ya chai, ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu mpigieni daktari.

Mombasani63:
Alhamdulillahi. Bi mkubwa karudi chumbani?

BintiWaPangani:
Karudi siku ileile, kabeba mto wake mwenyewe.

Mombasani63:
Simu anaiweka wapi?

BintiWaPangani:
Mfuko wa kanzu wa kifuani.

Mombasani63:
Kushoto hapohapo ilipo mashine! Simu za siku hizi zina sumaku, yaweza kuilaza isifanye kazi ya shoti. Sentimita 15 mbali, binti. Mwambie ahamishe mfuko kulia, mie zangu zote nimezishonesha upya.

BintiWaPangani:
Fundi kashaitwa. Anasema miaka thelathini anashona kanzu hajawahi kuombwa mfuko wa kulia, anataka kwanza aongee na mzee mwenyewe ahakikishe mimi sijachanganya.